Pimbi na Wavutaji wa Ziwani

Siku ile mvua ilitufungia jikoni. Alikuwepo mama mkwe wangu, Bi Nyanzobe, akichambua kunde. Alikuwepo wifi yangu Sayi na watoto wake wawili, Ngolo na Milembe. Alikuwepo shemeji yangu Lusinge, amekaa kizingitini na sigara yake, na kila akipuliza moshi aligeuza uso nje, mpaka bega zima likalowa. Nililiona hilo bega. Na alikuwepo mwanangu Kabula, amelala mgongoni kwangu.

Nikasema, "Ngano iko njiani!"

"Ije, mlango u wazi!"

"Imelowa!"

"Ije iote moto!"

"Ina wadogo, ina wakubwa!"

"Wadogo wakae mbele!"

Haya, wamekaa mbele.

Zamani palikuwa na nchi ya wanyama yenye mikoa mitatu. Juu kabisa palikuwa Milimani, kwenye mawe na baridi. Katikati palikuwa Bondeni, kwenye maua na barabara. Chini palikuwa Ziwani, kwenye maji na samaki. Nchi ilikuwa moja, lakini kwa habari ya tumbaku haikuwa moja hata kidogo.

Ziwani hawakuwa na habari nayo. Nani ahangaike na kitu kinacholowa kabla hujakiwasha? Bondeni alikuwepo mmoja hapa na mwingine kule, tena wakijificha nyuma ya nyumba. Lakini Milimani! Jamani, Milimani! Kule watu wazima wote walikuwa na viko. Asubuhi kiko, mchana kiko, jioni kiko. Fu! Fu! Fu! Ukiwa Bondeni ukatazama juu, ungesema mlima unaungua.

Wanasema ni baridi. Sawa, baridi. Mbona watoto nao wanasikia baridi na hawatoi moshi puani?

Sasa kule Milimani, ndani ya pango, aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Ni mdogo, mviringo, hana mkia. Ukimwona utadhani ni panya aliyeshiba. Yeye hakuwa na kiko. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Kishungi, na huyo Kishungi alikuwa na kifua. Kho! Kho! Kho! Anakula, kho. Anacheza, kho. Analala, kho kho kho, mpaka macho yanamtoka machozi.

Jirani yao alikuwa Babu Nyani. Babu Nyani alimpenda sana Kishungi. Kila asubuhi alikuja kumjulia hali.

"Mjukuu wangu, umeamkaje?"

"Kho! Kho!"

"Pole, mjukuu wangu. Pole sana." Kisha anamwinamia, anamfunika vizuri kifuani, anampapasa kichwa, halafu fu! Moshi wote puani mwa mtoto.

Mapenzi yapo, moshi upo. Utamfanyaje mtu kama huyo? Ukimfukuza unaonekana huna adabu. Ukimkaribisha, mtoto anakohoa.

Basi, habari za vifua vya watu zikamfikia Mama Nyuki. Mama Nyuki alikuwa na mzinga mkubwa kule Bondeni, gogo zito kweli, limejaa asali ya maua ya dawa. Asali ile ukiichanganya na maji ya moto, kifua kinafunguka. Lakini mzinga ulikuwa mmoja, na mwaka ule maua yalikuwa yamekwisha.

Mama Nyuki akaita mkutano. Akasema, "Mzinga huu nautoa kwa mkoa mmoja tu. Nautoa kwa mkoa ambao watu wazima wake wanavuta kuliko mikoa mingine, maana huko ndiko vifua vimechoka. Nani atakwenda kuwahesabu wavutaji?"

"Miiimi!"

Aliyesema hivyo alikuwa Kiboko wa Ziwani. Hakuna aliyebisha. Ukiwa na mdomo kama mlango wa ghala, nani atabisha? Lakini nawaambia ukweli, Kiboko hakuwa na huruma na kifua cha mtu. Kiboko alipenda kitu kitamu. Alishaanza kumeza mate, gudu, gudu.

Pimbi alikuwepo kwenye mkutano, mtoto mgongoni. Akafurahi. Akasema moyoni, "Tumepona. Wakihesabu kweli, hakuna wa kutushinda."

Wakihesabu kweli!

Kiboko akajaza mawe mdomoni. Anayevuta, jiwe moja linawekwa kwenye rundo la mkoa wake. Nyuki wachache wakafuatana naye wawe mashahidi. Akaanzia kwao, Ziwani.

Ziwani aliwakuta Fisimaji, wale wanyama wapole wenye manyoya laini wanaoishi kwa kuvua samaki. Walikuwa ufukweni, wamejipanga, wanakokota nyavu. Kiboko akasimama mbele yao akapaza sauti.

"Watu wazima wa hapa! Mnavuta?"

"Tunavuta!"

"Mnavuta kweli?"

"Ee baba, huoni? Asubuhi tunavuta! Jioni tunavuta!"

"Na wanawake?"

"Wanavuta kutupita sisi!"

Ko! Ko! Ko! Mawe yakaanguka rundoni. Rundo la Ziwani likawa refu kama kichuguu.

Ngolo, acha kucheka. Kiboko alijua wanavuta nini. Nyavu zilikuwa mbele ya macho yake, samaki wanaruka mpaka miguuni kwake. Mbona hakuuliza wanavuta nini? Aliuliza wanavuta. Wakasema wanavuta. Ko! Na jiwe la kwanza kabisa alijiwekea yeye mwenyewe.

Akapanda Bondeni. Akawakuta Punda na mikokoteni yao.

"Watu wazima wa hapa! Mnavuta?"

"Tunavuta, tutafanyaje! Toka tumezaliwa tunavuta!" Punda mmoja mzee akaongeza, "Mimi mpaka shingo imechubuka kwa kuvuta."

Kiboko akamwambia, "Pole sana." Ko!

Kanga na Nguruwe wakasema wao hawavuti. Rundo la Bondeni likawa la wastani.

Akapanda Milimani. Alifika anahema, huu, huu, huu. Aliwakuta Babu Nyani, Mbega na Mbuzi Mawe wamekaa juani. Viko vyote vinawaka. Moshi ulikuwa mwingi hata nyuki mashahidi wakaanza kusinzia angani.

"Watu wazima wa hapa! Mnavuta?"

Babu Nyani akatoa kiko mdomoni. Moshi ukamtoka puani, ukamtoka mdomoni, nadhani na masikioni pia.

"Nani? Sisi? Tuvute? Hatuvuti."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja! Kuvuta ni kazi ya punda. Sisi huku tumbaku tunakunywa."

Sasa! Mmesikia? Kule Milimani ndivyo walivyofundishwa na babu zao. Kwa lugha yao tumbaku haivutwi, inanywewa. Mtu anamwambia mwenzake, "Nipe kiko ninywe kidogo." Ni maneno yao, na si kosa. Lakini siku ile, jamani, siku ile!

Kiboko akacheka mpaka mlima ukatikisika. Akageukia nyuki.

"Mashahidi mpo?"

"Zzzz! Tupo!"

"Milimani hawavuti! Milimani wanakunywa! Mmesikia?"

"Zzzz! Tumesikia!"

Akageuka aondoke. Rundo la Milimani halikuwepo. Hata jiwe moja la kumtupia kuku halikuwepo.

Pimbi akatoka pangoni mbio, akasimama mbele ya Kiboko. Alikuwa anafika kwenye ukucha wake.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Ni mimi, huku chini. Mzee, wale pale wanavuta. Wanaita kunywa, lakini ni kuvuta. Tazama huo moshi!"

"Wameulizwa, wamejibu."

"Lakini na Ziwani wanavuta nyavu!"

"Kuvuta ni kuvuta. Kunywa ni kunywa. Neno ni neno."

"Mzee wangu, mwanangu ana kifua. Msikilize."

"Kho! Kho! Kho!" Kishungi akakohoa, wala hakujikaza.

Kiboko akamtazama. "Huyo hahesabiwi. Mimi nahesabu watu wazima."

"Ndiyo, si mzima! Anaumwa!"

"Si nimekwambia? Mwenyewe umesema si mzima. Nahesabu wazima tu. Hebu nipishe, we pimbi!"

"Hilo si tusi, Mzee. Hilo ni jina langu."

Lakini Kiboko alishateremka, mawe yakitetemeka nyuma yake.

Pimbi akaona basi, aende kwa wale wengine. Akamwendea Babu Nyani.

"Babu, nakuomba. Mfuateni Kiboko mkaseme mnavuta. Neno moja tu, tutapata dawa."

Babu Nyani akashangaa kweli. "Mama Kishungi, niseme navuta? Mimi? Mbele za watu?"

"Ndiyo, babu."

"Baba yangu alikunywa mpaka akafa. Babu yangu alikunywa mpaka akafa."

"Hilo naliamini, babu."

"Halafu mimi niwe wa kwanza katika ukoo kuvuta, kama punda? Watanicheka mpaka wa Bondeni!"

"Useme tu, babu! Si lazima ubadili kitu! Useme kwa ajili ya mtoto!"

Babu Nyani akamtazama Kishungi. Machozi yakamlenga, na hayakuwa ya moshi. Akavua shuka lake begani, lile lile la pekee alilokuwa nalo, akamfunika nalo mtoto.

"Kwa ajili ya mtoto chukua shuka langu. Mimi nitaota moto. Ila neno hilo, mama, haliwezi kutoka mdomoni mwangu."

Na shuka lilikuwa linanuka tumbaku kuanzia pindo mpaka pindo.

"Kho! Kho!" akasema Kishungi ndani ya shuka.

Pimbi akaenda kwa Mbega. Mbega akasema, "Sisi tunakunywa." Akaenda kwa Mbuzi Mawe. Mbuzi Mawe akasema, "Hapana, nanyi pimbi mnapenda ubishi. Tunakunywa." Kisha akamgawia kuni, maana aliona amebeba mtoto na hana kuni. Kila mlango aliondoka na kitu mkononi, na kila mlango aliondoka bila lile neno. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi ningekaa chini nilie.

Pimbi naye alikaa chini akalia kidogo. Kisha akajipangusa, akawasha zile kuni, akachemsha maji. Maji ya moto alikuwa nayo. Kitu cha kuchanganya ndicho hakuwa nacho. Akapooza maji, akampa mtoto.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa."

Akasimamisha bakuli hewani. Alikuwa amelisikia lile neno kinywani mwake mwenyewe. Akalirudia polepole.

"Kunywa."

Akacheka peke yake. Kishungi akadhani mama yake amechoka sana.

Siku ya kukabidhiana mzinga ikafika. Watu wakajaa Bondeni. Mama Nyuki alikuwa juu ya mzinga wake, Kiboko alikuwa mbele, amefungua mdomo kabisa. Alikuwa amewaambia Fisimaji, "Asali nitaitunza mimi. Mdomo wangu ndio ghala letu." Na wale Fisimaji, kwa upole wao, walijibu, "Haya, baba."

Pimbi akaja na mtoto mgongoni, na kamba ndefu begani. Akainama.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nimekuja kukupongeza. Tumeshindwa. Kwa kuvuta, Ziwani hamna mpinzani."

"Sasa umekuwa na akili."

"Tatizo, Mzee, ni wale wa kwetu. Wakaidi! Hadi leo wanasema eti Ziwani mnajua kuvua tu, kuvuta hamjui."

Kiboko akakunja uso. "Nani amesema?"

"Wako juu huko, wamekaa kwenye jua. Sasa nimewaza hivi. Mama Nyuki hajawaona mkivuta. Wale nao hawajawaona mkivuta. Kesho wataanza maneno, watasema hesabu ilikuwa na walakini. Kwa nini msiwaonyeshe? Kamba hii hapa, mzinga huu hapa. Uvuteni mpaka Milimani, mpite nao mbele ya pua zao. Wakishaona, nani atabisha tena?"

Kiboko akautazama mlima. Mlima ulikuwa mrefu. Akautazama mzinga. Mzinga ulikuwa unanukia. Kama kuna maneno kesho, huenda wakamnyang'anya. Gudu, akameza mate.

"Mama Nyuki, unakubali?"

Mama Nyuki akasema, "Niliahidi wavutaji watapewa mzinga. Sasa nawapa. Kama mnataka kuuvuta, vuteni. Mimi nitakaa hapa hapa juu yake."

"Na wewe, Mzee," Pimbi akauliza kwa adabu, "uliwekewa jiwe?"

"La kwanza kabisa!"

"Basi kamba ya mbele ni yako."

Wakafunga kamba. Kiboko mbele, Fisimaji nyuma yake. Pimbi akapanda juu ya jiwe, akaongoza.

"Mnavuta?"

"Tunavuta!"

"Mnavuta kweli?"

"Tunavuta!"

Kwaruuu! Mzinga ukasogea. Kwaruuu! Ukasogea tena. Milembe, Ngolo, itikieni nanyi. Mnavuta? Haya! Kwaruuu! Njia ikaanza kupanda. Kiboko akaanza kutoka jasho. Mnavuta? Tunavuta! Mawe yakaanza. Kiboko akateleza, akapiga goti, akasimama. Kila Pimbi alipouliza mnavuta, ilimbidi ajibu, kwa sababu Mama Nyuki alikuwa anasikiliza.

"Mnavuta, Mzee?"

"Na... huu... na... huu... navuta!"

Katikati ya njia Fisimaji mmoja, mama mtu mzima, alimwona Pimbi anahangaika na mtoto mgongoni. Akaachia kamba kidogo, akamchukua Kishungi, akamkalisha juu ya mzinga karibu na Mama Nyuki.

"Kaa hapa, mwanangu, miguu ya mama yako mifupi." Akarudi kwenye kamba. Hakujua kabisa kwamba ameletwa kule kwa hila, na hilo lilimuuma Pimbi moyoni. Lakini hakusimamisha mzinga. Angeusimamishaje? Mtoto alikuwa anakohoa.

Mwisho wakafika Milimani, pale pale walipokaa wazee na viko vyao. Kwaruuu! Pu! Kiboko akaanguka kifudifudi. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka kama kilima chenye uhai.

Babu Nyani akatoa kiko. "Heee. Hawa kweli wanavuta."

"Umesikia?" Kiboko akasema akiwa bado chini. "Wamekubali! Sasa... huu... nipeni asali yangu."

Pimbi akasimama mbele ya mzinga.

"Mama Nyuki, nina swali dogo tu. Mimi ni mtu wa mapangoni, sijui mambo. Dawa hii hutumiwaje? Inavutwa, au inanywewa?"

Mama Nyuki akamtazama. Akaanza kutabasamu.

"Inanywewa. Na maji ya moto."

"Haivutwi kabisa?"

"Asali ivutwe vipi, mama?"

"Ahsante. Na katika nchi nzima, ni mkoa gani uliosema, mbele ya mashahidi, kwamba watu wake hawavuti, wanakunywa?"

"Zzzz! Milimani!" wakajibu nyuki.

"Na nani alitangaza?"

"Zzzz! Kiboko!"

Kiboko akainua kichwa. "Ngoja! Ngoja kwanza! Ile ilikuwa kunywa tumbaku!"

"Kunywa ni kunywa, Mzee," akasema Pimbi. "Kuvuta ni kuvuta. Neno ni neno."

"Hata mimi nakunywa! Nakunywa kila siku! Nakaa ndani ya maji, mnajua vizuri!"

"Ulipoulizwa ulisema unavuta. Njia nzima umesema unavuta. Watu wote wamekuona. Mimi sijawahi kuona mvutaji kama wewe."

Fisimaji wakaanza kucheka kwa kuficha, kisha bila kuficha. Mama Nyuki akasimama juu ya gogo lake.

"Niliahidi wavutaji watapewa mzinga. Mzinga ni gogo, na gogo ni lao, wamelivuta kwa haki. Asali ni ya kunywa, na wanaokunywa wako hapa. Asali ikitolewa, Kiboko, utachukua gogo lako ushuke nalo."

"Tupu?"

"Tupu ni jepesi kuvuta."

Hapo ndipo Kiboko alipokasirika kweli. Hakungoja gogo wala mtu. Akageuka ashuke, lakini mwili ule na mteremko ule! Alipiga hatua ya kwanza kwa miguu na zilizobaki kwa makalio. Kwaruuu, kwaruuu, kwaruuu, akapita Bondeni Punda wakimpisha, chubwi! Ziwani.

Pimbi akachota asali ya kwanza, akaichanganya na maji ya moto, akamnywesha Kishungi taratibu. Mtoto akakohoa mara moja. Kisha akavuta pumzi, ndefu, mpaka chini kabisa, na hakuna kitu kilicholia kifuani. Pimbi akaweka sikio pale kifuani akasikiliza. Mnajua jinsi mtu anavyosikiliza.

Asali ya pili hakuwapa wazee. Aliwapa Fisimaji, maana walikuwa wanahema na mikono imechubuka kwa kamba. Akawaambia, "Mnisamehe, ndugu zangu. Ninyi mlijibu tu mlichoulizwa." Yule mama Fisimaji akasema, "Usijali. Hata angeitunza mdomoni mwake, si tusingeiona tena?" Kumbe Kiboko walimjua!

Ndipo wakaja wazee wa Milimani. Mbega akanywa. Mbuzi Mawe akanywa. Babu Nyani akanywa bakuli zima, akafumba macho, akavuta hewa, akafumbua macho.

"Aaah! Mama Kishungi, Mungu akubariki. Kifua kimefunguka chote! Tangu ujana sijapumua hivi!"

"Nashukuru, babu," akasema Pimbi, na machozi yakamtoka kwa furaha. "Nashukuru sana."

"Sasa," akasema Babu Nyani, akapapasa mfukoni, "sasa ndiyo naweza kunywa vizuri."

Akawasha kiko. Fu!

Pimbi akashika kichwa kwa mikono miwili.

Haya. Ngano imefika!

"Imefika!"

Imekaa, imekula!

"Imekula!"

Inaaga!

"Iende salama, isilowe!"

Bi Nyanzobe akaacha kunde akaniuliza, "Sasa, mke wa mwanangu, hii inafundisha nini?"

Nikamwambia, inafundisha hivi. Msihangaike kuwakataza watu wazima tumbaku. Hakuna haja. Wabadilishieni neno tu. Anayevuta aseme anakunywa, anayekunywa aseme anavuta, na mkoa wote utakuwa hauna mvutaji hata mmoja. Mtaona afya itakavyojaa.

Lusinge akacheka. Alipoona mimi sicheki, akageuza uso nje.

"Na Kishungi je?" Milembe akauliza.

Kishungi alipona. Wiki ile ile mama yake alihamia pango la upande ule upepo unakotokea, na aliyewabebea mizigo ni Babu Nyani, kiko mdomoni.